Senti za Tundu Chini ya Mawe ya Keshero

Mama yangu hakuwa mtu wa kupenda hela. Akipewa alizifunga kwenye pindo la kitenge, akazisahau, tukaziona siku ya kufua. Kwa hiyo siku aliponifuata gereji mjini Goma, akainama kando ya lori na kuniambia nimtafutie ile mashini inayosikia hela chini ya ardhi, nilidhani jua limempiga kichwani.

Nilikuwa chini ya lori nikikaza nati. Wakati huo, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa shoferi wa mfanyabiashara mmoja wa kahawa, nikienda Rutshuru na kurudi, na mikono yangu haikuwahi kutoka grisi, hata Jumapili kanisani. Mama alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Keshero. Nilichokiona ni miguu yake tu, imejaa vumbi letu jeusi.

"Hela gani, Mama?" nikamuuliza.

"Za mutoto."

"Mutoto gani?"

"Mutoto yangu wa kwanza."

Nikaacha spana. "Mama, wa kwanza njo miye."

Miguu ile haikusogea. "Hapana," akasema. "Weye uko wa pili."

Nilitoka chini ya lori taratibu, na bado nikagonga kichwa. Umri wote ule nilikuwa kifungua mimba. Wadogo zangu waliniita mukubwa, nyama ilipogawanywa nilianza kuchukua mimi, baba alipofariki ni mimi niliyesimama mbele ya watu. Na sasa mama yangu, katikati ya gereji, huku mtu anajaza upepo kwenye tairi, ananiambia kwamba kulikuwa na mwingine. Sikujua nikasirike au nimpe kiti. Nilimpa kiti, kisha nikakasirika.

Alinieleza kwa ufupi, kama mtu anayemweleza fundi gari limeharibika wapi. Kabla yangu alizaa mvulana. Mtoto hakufika hata umri wa kukaa mwenyewe. Kiunoni alikuwa amemfunga uzi wenye senti za tundu, zile za zamani zilizotobolewa katikati, ambazo akina mama walizipenda kwa sababu zilipitisha uzi vizuri na mtoto alizichezea zikalia. Alipokufa, wanaume walimchukua wakamzika kwenye shamba letu la Keshero, na hakuna aliyezifungua zile senti. Kwetu, mama wa mtoto mchanga haendi kaburini. Anakaa ndani na wanawake, amegeukia ukuta, na baada ya hapo habari za mtoto hazitajwi tena, ili anayefuata asije akaitwa naye. Anayefuata nilikuwa mimi. Ndiyo maana sikuambiwa.

"Na sasa unaniambia juu ya nini?" nikamuuliza.

"Juu ya barabara."

Hiyo barabara niliijua. Wapimaji walikuwa wamepita Keshero na kupaka chokaa kwenye mawe, mstari mweupe ulioingia kwenye shamba letu upande mmoja na kutokea upande wa pili. Mvua zikiisha vibarua wangekuja kusawazisha na kumwaga kokoto. Mama alikuwa ameonyeshwa kiwanja kingine juu zaidi, mbali kidogo na ziwa, na hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu, kuhama na mtoto wake. Lakini hakujua yuko wapi, maana hakumwona akizikwa, na kaburi la mtoto halikuwekwa alama yoyote. Kitu pekee alichokuwa na hakika nacho ni zile senti.

"Siwezi kumuacha chini ya matairi," akasema. Kisha akaniangalia na ile grisi yangu. "Na matairi yako pia."

Habari za mashini alikuwa amezipata sokoni. Kulikuwa na Mgiriki mmoja mwenye duka, ambaye baada ya vita alinunua shehena ya vitu vya jeshi: makopo, mahema, viatu vya mguu mmoja mmoja. Ndani yake kulikuwa na mashini za kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Wanawake walisema mke wa Mgiriki alipoteza pete kwenye mchanga wa ziwa, mashini ikaipata, na tangu siku hiyo Wazungu wengine walikuwa wakiikodi Jumapili kutafuta hela za kale ufukweni, kwa mchezo tu. Mama alisikiliza mambo hayo huku akichagua maharage, na hakumwambia mtu kitu.

Nilikwenda dukani siku hiyohiyo, kichwa kinawanga. Njiani nilikuwa nahesabu upya maisha yangu yote na hayafiki sawa. Nimwite nani, huyu mtu? Mkubwa wangu? Mkubwa gani huyo ambaye angeenea kwenye mkono wangu mmoja?

Mgiriki aliniletea mashini mbili akaziweka juu ya sakafu ya mbao. Kwa nje zilifanana: fimbo ndefu, chini yake sahani ya mviringo pana kama ungo mdogo, waya unaopanda hadi kwenye sanduku la kubeba begani, na vile vya kuvaa masikioni vinavyokubana kichwa. Ndani ya sanduku kulikuwa na betri nzito na taa ndogo za kioo kama za redio, ambazo ulilazimika kuzisubiri zipate joto. Kulikuwa na karatasi ya maelezo, lakini ilikuwa kwa Kiingereza. Mgiriki hakujua Kiingereza na mimi sikukijua, tukaitazama kwa heshima tukairudisha mahali pake.

Aliangusha senti moja sakafuni, akanivalisha vile vya masikioni. Ya kwanza ilipopitishwa juu ya senti ililia kwa nguvu mpaka nikaruka. Ililia hata kwa misumari ya sakafu, hata kwa kisigino cha kiatu cha Mgiriki. Ya pili ilitoa mlio mwembamba, kama mbu aliyeingia chandaruani, na kwa misumari haikushughulika sana.

"Hii iko na masikio kubwa," Mgiriki akasema, akigusa ya kwanza. "Hii ingine masikio kidogo. Wewe napenda gani?"

Mimi ni shoferi. Kwangu honi nzuri ni ile inayomtoa ng'ombe barabarani kabla hujamfikia. Nilichagua yenye kelele. Sikuwa na hela ya kutosha, kwa hiyo nikamwachia baiskeli yangu, na nilitoka pale nimebeba sanduku begani huku watu wakinipisha kwa wasiwasi.

Keshero nilimkuta baba mdogo ameshafika. Ni mdogo wa baba yangu, mchungaji wa ng'ombe wa milima ya Masisi, mtu mrefu na mwingi wa manung'uniko, na kati ya wanaume waliomzika mtoto yule ni yeye tu aliyebaki hai. Mama alikuwa amemwita aje atuonyeshe mahali. Nikafurahi, nikadhani mashini ni ya kuhakikisha tu.

"Ilikuwa upande wa ziwa," baba mdogo akasema, akinyoosha fimbo.

"Upande wa ziwa hapana," Mama akasema. "Nilisikia mawe kwa ile ukuta yenye jua ya mangaribi inapiga. Niko ndani, lakini nilisikia."

"Sasa weye ulikuwa unaangalia ukuta, miye nilikuwa inje."

"Inje ya nyumba gani? Nyumba ilihamaka mara ngapi hapa?"

Hapo baba mdogo akashusha fimbo, kwa sababu ni kweli nyumba ilikuwa imehamishwa, ikaungua jiko, ikajengwa tena, na migomba imepandwa ikang'olewa, na ukuta wa mawe umesogezwa kila jirani alipokuja na ukaidi wake. Na mawe ya Keshero yote ni mamoja. Ni mawe ya moto, yaliyoshuka mlimani zamani yakiwaka kisha yakapoa, meusi, makali, yenye matundu, na juu yake tumeweka udongo wa kuazima ili migomba ishike. Ukisimama katikati ya shamba ukazunguka na kufumba macho, ukiyafumbua hujui umetazama wapi.

Nikavaa mashini. Nikawasha, nikasubiri taa zipate joto, nikashusha sahani.

Ikapiga yowe. Nikasogea hatua moja, ikapiga yowe. Nikaenda upande wa ziwa, upande wa jua la magharibi, nyuma ya choo, kwenye njia, chini ya migomba: yowe tupu, mfululizo. Mama alikuwa ameinuka na jembe mkononi tangu sauti ya kwanza, kwa sababu aliisikia ikivuja kwenye masikio yangu. "Hapo?" aliuliza. "Na hapo? Hata hapo?" Nilivua vile vitu kichwani. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya jiwe ananiangalia kwa huruma, ile huruma ya kuudhi.

Nilirudi dukani kesho yake na hasira zangu, nikamwambia Mgiriki mashini ni mgonjwa. Akaiweka juu ya zile mbao, akaangusha senti. Ikalia kwenye senti, ikanyamaza pembeni pasipo na misumari. Mzima kabisa. Nikabaki nimesimama pale. Kama mashini si mgonjwa, basi aliyekuwa mgonjwa ni nani? Nilikuwa tayari kuamini kwamba shamba letu lote limejaa hela tangu zamani na sisi tunalala njaa juu yake. Kwa muda mfupi hata nilifurahi, nikajiona na lori langu mwenyewe. Kisha nikajionea aibu.

Mgiriki ndiye aliyeshuka ngazi ya duka, akaokota jiwe jeusi mtaani, jiwe la kawaida la kila siku, akaliweka mbele ya sahani. Ikalia.

"Ah," akasema. "Mawe yenu iko na chuma ndani."

Alinibadilishia. Akanipa ile yenye masikio madogo, akanionyesha kwa vidole namna ya kuipanga, na hilo alilijua kwa kuwatazama tu wale Wazungu wa Jumapili. Unaiweka sahani juu ya ardhi yenyewe, si hewani. Unazungusha kitufe cha kwanza mpaka kelele ishuke, halafu cha pili, polepole, mpaka ibaki kunong'ona. Ukikizidisha kidogo, inaanza kulia tena kutoka upande wa pili, na hapo unarudi nyuma. Mnong'ono huo ni sauti ya mawe. Usiujali. Wewe sikiliza kitakachozidi mnong'ono.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Kila nilipopata nafasi kati ya safari za Rutshuru, nilikwenda Keshero, nikaiweka sahani juu ya jiwe, nikazungusha vitufe mpaka mnong'ono ukatulia, nikaanza kutembea. Na mashini ilifanya kazi, siwezi kuisingizia. Ilinipatia jembe lililovunjika, kopo la sadini, bawaba ya mlango, sikio la sufuria, na siku moja risasi ambayo hakuna aliyetaka kujua ilifikaje pale. Kila ilipolia, Mama aliinuka. Kila nilipotoa chuma chenye kutu, alikaa tena, akajifuta mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kubeba sanduku. Nilianza kutamani isilie.

Mashini ilikuwa na udhaifu mmoja ulionitia wazimu. Mahali fulani karibu na ukuta wa mawe, kwenye migomba mitatu iliyozeeka, ilikuwa inakufa. Natembea, mnong'ono upo, ninafika pale, kimya. Kimya kabisa, kama umeme umekatwa. Nilijua ni betri. Nilipiga sanduku kwa kiganja, nikatikisa waya, nikarudi nyuma kuangalia tatizo, na nikirudi nyuma mashini inafufuka yenyewe. Siku nyingine inakufa tena palepale. Niliitukana mbele ya mama yangu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Nikasafiri na betri zake hadi Rutshuru kwa fundi wa redio, akasema nzima. Nikanunua nyingine mpya hata hivyo. Zikafa palepale.

Wakati huo kazi ya barabara ilikuwa inazidi kuyakaribia mawe yetu yenye chokaa. Vibarua walikuwa wameshafika kwa jirani wa tatu, tulisikia nyundo zao tangu asubuhi. Mama alianza kufungasha vitu. Hakunilaumu kwa neno lolote, na mimi ningependelea anilaumu. Usiku sikulala vizuri, nikimfikiria yule mtu mdogo na uzi wake kiunoni. Niseme ukweli, nilimwonea wivu. Mimi sijawahi kutafutwa namna hiyo. Halafu nikajiambia, wewe ni mpumbavu, wewe hukupotea.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya bustani. Mama alitaka kupanda kwenye kiwanja kipya, ambacho kilikuwa mawe matupu, akaniomba nilete udongo na lori. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Mtu wa Goma akitaka mboga, kwanza anatafuta udongo, kisha ndiyo anatafuta mbegu. Nilikubali. Baba mdogo, aliyekuwa amekaa juu ya lile jiwe lake akichonga fimbo, akaguna.

"Mambo ya sasa iko myepesi," akasema. "Udongo inapanda motokari. Sisi ilituvunja shingo hapa."

"Udongo wa nini?" nikauliza, bila kujali sana. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye sahani ya mashini.

"Ya mutoto, weye. Baba yako alikatalaka mutoto alale ndani ya mawe. Ile siku ya kwanza tulimufunika na mawe tu, juu hakukuwa kintu ingine. Akatuma batu kwetu. Balipokuya kutupa pole, balikuya na udongo ya kwetu, ya Masisi, ku bitunga, kila mutu na kitunga yake. Baba yako akaondosha mawe yote, akatandika udongo chini, akamulalisha, akajaza na juu. Shingo iliniuma mwezi muzima."

Mama alikuwa ameacha kufunga kamba. Hata yeye hakulijua hilo. "Juu ya nini hukusemaka?" akamuuliza.

"Niseme nini? Hapa kila mutu anabeba udongo. Hakuna mutu aliniuliza udongo. Muliniuliza fasi ya kaburi, na fasi nilisahau."

Sikuinuka kwa haraka. Nilikuwa nimeinamia ile sahani na kitambaa mkononi, na nilihisi kichwa changu kinazunguka kwa polepole, kama gari linalotaka kuwaka na betri ni dhaifu. Mawe yana chuma ndani. Mashini inanong'ona kwa sababu ya mawe. Udongo wa Masisi hauna mawe ya moto. Na kuna mahali pamoja katika shamba zima ambapo mashini inanyamaza, na mimi nimepapita mara ngapi, nikipiga sanduku makofi, nikimtukana aliyeitengeneza.

"Betri haikuwa na shida," nikasema kwa sauti. Hakuna aliyenielewa, na sikuweza kuwaeleza. Maneno yalikataa kukaa kwenye mstari. Nilivaa sanduku, nikaiweka sahani juu ya jiwe la baba mdogo nikamwomba ainue miguu, nikazungusha vitufe. Mnong'ono. Nikatembea kuelekea ukutani. Mnong'ono, mnong'ono, kisha kwenye migomba mitatu, kimya. Nikasogea kushoto, mnong'ono ukarudi. Kulia, ukarudi. Nikaanza kuuzunguka ule ukimya kwa sahani, nikiweka vijiti pale unapoanzia na unapoishia. Vijiti vilipokamilika baba mdogo akavua kofia. Lilikuwa umbo dogo sana. Ungeweza kulifunika kwa kitenge kilichokunjwa.

Mama aliweka kamba chini. Alikuja akasimama ukingoni mwa vijiti, hakuvikanyaga.

Nilikuwa na jambo moja la kumalizia, na niliogopa kulifanya. Niliweka sahani ukingoni, ndani ya umbo lile, nikaipanga upya mashini juu ya udongo wenyewe, maana ikiwa imepangwa kwa mawe isingesikia senti pale, mpaka nikapata mnong'ono mpya, mwembamba kuliko ule wa mawe. Nikaipeleka polepole. Karibu na katikati, ikaja sauti. Haikuwa yowe. Ilikuwa ile sauti ya mbu niliyoidharau dukani. Nikavua vile vya masikioni, nikamvalisha Mama, nikambana kidogo ili visimwanguke, maana kichwa chake kilikuwa kidogo, nikapitisha sahani tena. Akashtuka. Akapeleka mkono masikioni kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Ni zenyewe?" nikamuuliza, kana kwamba yeye angejua.

"Pitisha tena," akasema.

Nikapitisha tena. Na tena. Nadhani ningepitisha hadi betri ziishe kweli.

Nilipochukua jembe, alinishika mkono. Alipiga magoti, akaondoa majani makavu, kisha vumbi jeusi, kisha changarawe, kwa vidole. Chini kidogo rangi ilibadilika. Ukatokea udongo mwekundu, laini, wenye unyevu, ule wa milima ya kwetu, ambao ukiushika unabaki na alama ya kiganja. Baba mdogo aligeuka kuangalia ziwa. Kwa jirani nyundo za vibarua zilikuwa zinaendelea, na sikumbuki nikizisikia.

Mama alichimba kwa muda mrefu na hakukubali kusaidiwa. Nilitaka kumwambia apumzike, nilitaka kumwambia kwamba ikiwa hakuna kitu si kosa lake wala la mashini. Sikujua hata ninaogopa nini zaidi, kwamba hatutampata au kwamba tutampata. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yake kama mtoto anayesubiri chakula. Mtu mzima, mwenye leseni na mke.

Kwanza ilitoka moja, kijani kwa kutu, tundu lake limezibwa na udongo. Mama akaipuliza, tundu likafunguka. Kisha nyingine. Kisha kadhaa zilizoshikamana, bado zimepangana kwenye duara, ingawa uzi ulikuwa umeoza zamani. Duara lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba nilishindwa kuamini ni la kiuno. Mama hakulivunja. Aliondoa udongo ndani yake kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyofanya mtu anayemfuta mtoto aliyelala. Kulikuwa na vitu vingine vidogo pale, vyeupe, na nikatazama pembeni.

Alitandika kitenge chake kingine kando ya shimo. Kabla ya kuinua kitu chochote aliinama mpaka uso wake ukafika karibu na ule udongo mwekundu, akaita. Hakuita kwa kunong'ona. Aliita kwa sauti ya kawaida, ile ya mama anayemwambia mtoto muda wa kurudi nyumbani umefika.

Aliita jina langu. Jina langu la ubatizo, lile lililokuwa kwenye leseni yangu, ambalo nilijibu shuleni na nililofungia nalo ndoa.

"Niko hapa, Mama," nikasema.

Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja uliojaa udongo, akaunyoosha nyuma kunizuia.

"Haiko weye," akasema. "Naita mukubwa yako. Weye ngoya kwanza."